Imekubaliwa na Ulamila

Rangi nyekundu haikumtisha Ulamila Tokalau hata siku moja. Sisi wengine pale maabara tukiiona kwenye kompyuta tulikuwa tunaguna na kutazamana, nani leo atapiga simu wodini kutukanwa. Yeye anavuta kiti, anakunja mikono ya koti, anaiambia mashine, "Haya mama, nini kinakuuma leo?" Alianza kuongea na mashine zile nywele zake zikiwa nyeusi tii, na nakuapia, zilikuwa zinamjibu.

Mimi ni Sarojni, mpokea sampuli wa hospitali yetu ya misheni, huku magharibi mwa Fiji kwenye mashamba ya miwa. Nakaa nyuma ya dirisha la kioo. Damu zinaletwa, nabandika namba, napeleka ndani. Kemia sikusomea. Lakini macho ninayo, na mdomo wangu hakuna asiyeujua tangu hapa hadi sokoni Lautoka. Alichofanyiwa Ulamila nilikiona chote nimekaa kwenye kile kiti changu, ndiyo maana hasira yangu haijapoa, na wala sitaki ipoe.

Ngoja nieleze kazi yake, maana bila hiyo hutaelewa jinsi alivyouzwa. Kila asubuhi, kabla damu ya mgonjwa yeyote haijaguswa, mashine hupewa kwanza kontroli. Ni kichupa cha kiwandani ambacho majibu yake yanajulikana. Mashine ikitoa majibu yale yale, twende kazi. Ikitoka nje ya mstari, mfumo unawaka mwekundu na kufunga majibu yote ya kipimo hicho. Halitoki hata moja mpaka tatizo litafutwe, litengenezwe, kontroli irudiwe, na mtu wa pili aweke jina lake kwamba amekubali. Mtu wa pili, nisikilize vizuri hapo. Aliyepima hawezi kujikubalia mwenyewe, mfumo unakataa. Upande wetu wa kemia, mtu wa pili alikuwa Ulamila.

Na alikuwa mgumu, jamani! Kontroli akiyeyusha ni kiganjani, anaiviringisha taratibu kama anamlaza mtoto. Ole wako akukute unaitikisa. "Hiyo siyo juisi ya harusi. Mwaga, anza upya." Daktari akipiga simu kufoka kwamba ana mgonjwa hapa, anamjibu, "Ndiyo sababu sikupi jibu la uongo, daktari. Kanywe chai, nitakupigia." Madaktari walimchukia hadi saa nane mchana, kisha jibu likitoka wanampenda tena. Nyumbani alikuwa mjane, watoto wako Auckland, Jumapili anaimba sauti ya pili kanisani. Maisha yake ndiyo hayo, sina mapambo ya kuongeza.

Sasa Aporosa. Aporosa Naulu ndiye mkuu wa maabara, mtu wa mabonde ya ndani. Ulamila ni mtu wa visiwa vya mashariki. Mababu zao walishakubaliana huko nyuma kwamba watu wa huku na watu wa kule ni watani, na utani wao siyo wa mdomo tu. Mtani akitaka kitu chako anachukua, nawe unacheka. Ukinuna, umeshindwa, na aibu ni yako. Mimi Mhindi, kwetu hayo hatuna. Mtu akichukua sufuria yangu nitamfuata nayo mpaka barabara kuu. Lakini nimezaliwa katikati yao, na utani wao naupenda, au tuseme niliupenda.

Saa nne ya chai Aporosa anafungua bakuli la Ulamila bila hata hodi, anakula muhogo na samaki wake wa nazi mbele ya macho yake.

"Mtani, leo umesahau chumvi."

"Nilijua atakula mwizi, nikaona nisiharibu chumvi yangu."

Ulamila akiinuka tu kwenda chooni, Aporosa keshakalia kiti chake, kapandisha miguu. "Kiti cha watu wa visiwani kinanuka ngisi!" anapiga kelele. Maabara nzima hoi kwa kicheko. Naye siku ya sherehe ya Krismasi alimvua Aporosa shati lake jipya la maua mbele ya mchungaji, akaenda nalo nyumbani, akalifanya tambara la jikoni. Aporosa alirudi kwake na fulana, anacheka mpaka machozi. Hivyo ndivyo walivyokuwa. Ungesema ni ndugu wa tumbo moja.

Kisha dada yake Ulamila akafariki huko kisiwani. Ulamila akaenda msibani. Asubuhi moja kontroli ikagoma, na mtu wa pili hayupo. Utaratibu ni kupiga simu makao makuu Suva watume mtu, au damu zipelekwe hospitali nyingine. Aporosa hakupiga Suva. Alimpigia Ulamila.

"Mtani, niko mlangoni kwako, nimekuja kuiba. Nipe ufunguo."

"Ufunguo gani, wewe?"

"Neno lako la siri la kompyuta. Hapa panasubiriwa mtu wa pili, na mtu wa pili yuko huko anamwaga machozi. Nipe, la sivyo nakuja kubeba nguruwe wote wa msiba."

Kazi ya mtani msibani ni hiyo, kumchekesha mfiwa. Ulamila aliniambia mwenyewe kwamba tangu wamfunike dada yake hakuwa amecheka, na pale alicheka mpaka shangazi zake wakaja kumtazama. Akampa. Mtani hanyimwi.

Aliporudi nikamwambia, "Ula, badilisha hilo neno."

"Nitabadilishaje, anti? Nikibadilisha si nimemwambia mtani wangu kwamba ni mwizi wa kweli?"

Nilimwona ana haki.

Ikaja habari ya mashine ya potasiamu, ile chumvi ya damu ambayo ikizidi inausimamisha moyo. Kile kijiti chake cha kupimia, elektrodi, kilikuwa kimechoka. Kipya kiliagizwa, kikakwama forodhani, tukaambiwa wiki ijayo, na wiki ijayo tukaambiwa wiki ijayo. Kontroli inashindwa leo, kesho inapita, keshokutwa inashindwa. Ulamila anafunga potasiamu, damu zinapakiwa kwenye boksi la barafu kupelekwa mjini, simu zinalia. Na wakati huohuo wakaguzi wa ng'ambo walikuwa wanakuja kuamua kama maabara yetu inastahili cheti. Aporosa alikuwa ameomba ukubwa Suva, na bila cheti ukubwa haupo. Ukutani kulikuwa na chati ya majibu yanayochelewa. Nilikuwa namwona anasimama mbele yake, mikono kiunoni, hacheki.

Halafu ghafla akawa mwema.

"Mtani," akamwambia Ulamila mbele yetu, "wewe asubuhi lala kidogo. Mifupa ya watu wa visiwani haipatani na umande. Mashine nitakuwashia mimi."

"Mwizi anataka kunifanyia kazi? Unataka nini tena, nyumba?"

"Nataka samaki wa nazi kila Ijumaa. Mwenye chumvi."

Ikawa hivyo. Ulamila akifika, mfumo uko kijani, majibu yanatoka. Anauliza, "Imepita?" Aporosa anajibu, "Ilisumbua kidogo, nikasafisha, nikarudia, ikapita." Ukitaka kuona yenyewe ilipotua kwenye mstari, inabidi ufungue chati ya kontroli ndani ya kompyuta. Ulamila, yule yule wa kukufokea kwa kutikisa kichupa, hakuifungua. Wewe ungeifungua? Mtu ambaye mmekula sahani moja miaka yote akwambie amerudia, umpekue?

Akawa anamletea samaki. Akaniambia, "Anti, umemwona mtani wangu? Kumbe watu hubadilika." Uso umemchangamka, maskini. Nikikumbuka uso ule natamani kuvunja kitu.

Mzee Lakhan alikuwa dereva wa lori la miwa, mtu wetu wa hekaluni, figo zikimsumbua. Aliletwa akilalamika mwili hauna nguvu. Damu yake niliipokea mimi. Potasiamu ikatoka nzuri, daktari akamruhusu arudi nyumbani. Alianguka uani kwake jioni ile, mbele ya wajukuu, na gari la wagonjwa halikumkuta hai. Daktari hakuridhika. Maji ya damu yaliyobaki kwenye friji yetu yakapelekwa mjini, na jibu lililorudi lilikuwa la mtu ambaye hakupaswa kuondoka kitandani. Mashine yetu ilikuwa ikisoma chini kwa majuma.

Ndipo chati ikafunguliwa. Daktari mkuu, Aporosa na Ulamila wamesimama nyuma ya kompyuta, mimi nimetoa kichwa dirishani kwangu. Kila siku iliyoshindwa ilikuwa na maneno yale yale. Kontroli imeshindwa. Imepimwa na Aporosa Naulu. Imekubaliwa na Ulamila Tokalau. Sababu: imerudiwa, iko sawa. Unashuka chini, Ulamila. Unashuka tena, Ulamila. Na kurudiwa kwenyewe hakukuwepo hata kwa dawa.

"Mimi sikuandika haya," Ulamila akasema.

Daktari mkuu alipotoka, Ulamila akamfuata Aporosa koridoni, hapo hapo pembeni yangu.

"Mtani, umechukua jina langu."

"Punguza sauti."

"Mzee wa watu amekufa, Aporosa."

"Najua. Nisikilize, mtani. Nitasema mwenyewe. Wakija wa Suva nitawaeleza kila kitu, niachie mimi. Wewe tulia tu, usianze kupayuka huku na huku."

Akamwamini! Nilimwambia, "Ula, nenda leo kwa daktari mkuu, sema kabla yake." Akanijibu, "Amesema atasema, anti. Nikimtangulia nimemwaibisha." Kilichokuwa hatarini kilikuwa leseni yake na jina lake, basi, kitu kingine hakuwa nacho duniani cha kuitwa chake, na yeye anawaza aibu ya Aporosa.

Wakaja watatu kutoka Suva, wakakaa kwenye ukumbi wa kanisa: mwenyekiti, daktari mmoja kijana, na mama wa miwani aliyekuwa akiandika. Tuliitwa wote. Aporosa akaanza. Tai, viatu vinang'aa.

"Kontroli nilipima mimi, ikashindwa, nikamwarifu mhusika. Kukubali au kukataa si kazi yangu. Jina la aliyekubali liko pale, waheshimiwa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Alimruka kimanga, mchana kweupe, kifua mbele! Nilimwona Ulamila anashika ukingo wa benchi.

Zamu yake ilipofika alieleza yote, na kwa sababu hajui kusema uongo, akaeleza na lile la neno la siri, msiba, simu, kicheko. Mama wa miwani akasimamisha kalamu.

"Kwa hiyo ulimpa mtu mwingine neno lako la siri?"

"Ndiyo, mama. Ni mtani wangu."

Kalamu ikaanza tena kukimbia. Nikaitwa mimi.

"Nilimwona Aporosa kwenye kiti cha Ulamila," nikasema. "Asubuhi, kabla Ulamila hajafika. Siyo mara moja."

"Uliona alichoandika?"

"Kutoka dirishani kwangu naona mgongo."

"Alikuwa na kawaida ya kukalia kiti hicho?"

"Kila siku. Ni utani wao."

"Na mlikuwa mnafanya nini mkimwona?"

"Tunacheka."

"Asante, mama. Kaa."

Yaani hata ushahidi wangu ukamfaa yeye! Miaka yote tulimcheka kwenye kiti kile, na siku aliyokikalia kuua mtu hakuna aliyegeuza shingo.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno la mwisho. Ulamila akasimama. Hakuwatazama wale watatu. Alimgeukia Aporosa.

"Mtani," akasema, sauti yake ya kila siku. "Umekula chakula changu. Umekalia kiti changu. Sijawahi kukunyima. Leo naomba mimi. Sema kweli tu, sitaki kingine."

Wenyewe wote mle ndani walijua ombi lile ni la namna gani. Mwenyekiti mwenyewe, mtu wa Rewa, naye mwenye watani wake, aliinamisha macho mezani. Kwa mila yao mtani akiomba hivyo mbele za watu, hata kama ni ng'ombe wako wa mwisho, unampa.

Aporosa akarekebisha tai.

"Dada Ulamila," akasema, "hapa tuko kazini. Mambo ya utani tuyaache nje."

Dada Ulamila! Mimi niliinuka. Sikumbuki yote niliyosema, ila najua niliyasema kwa Kihindi na kwa Kifiji, na kwamba samaki wa Ijumaa walikuwemo, na mama yake Aporosa nadhani alikuwemo pia. Wakaniomba nitoke. Nilitoka nikiwa bado nasema.

Leseni ya Ulamila ikafutwa. Aporosa akapewa barua ya onyo kwa kutofuatilia walio chini yake, hebu fikiria. Wakaguzi walikuja elektrodi mpya ikiwa imeshafika, wakakuta kila kitu kijani, cheti kikatundikwa. Aporosa akapata Suva yake. Na watu wangu mwenyewe wa hekaluni, mjane wa Lakhan akimwona Ulamila dukani anaacha vitu kwenye kaunta na kutoka. Nilikwenda kumweleza. Alinisikiliza, akanimiminia chai, akasema, "Anti, jina ni la nani kwenye karatasi?" Nikanywa chai, nikarudi nyumbani. Ningemlaumu vipi? Mumewe amekufa.

Ulamila hakulia, siyo mbele yangu. Alianza kusuka mikeka ya kuuza. Alikaa barazani siku nzima na ukindu wake, na vidole vile vilivyokuwa vinaviringisha vichupa sasa vimejaa mikwaruzo. Nilikuwa nakwenda Jumamosi na roti, zile chapati zetu, tunakula, nasengenya maabara yote, anaitikia "mm" na "kweli". Aporosa hakumtaja. Nilimtukana kwa niaba yake mpaka nikachoka, hakuchangia hata tusi dogo. Hapo ndipo ningejua, kama ningekuwa na akili.

Jumamosi moja gari jeupe la serikali likasimama. Aporosa. Alikuwa anahamia Suva, vitu vimefungwa juu. Akaanza kupiga kelele tangu getini, kama zamani.

"Hodi, mwizi amekuja! Watu wa visiwani, mmeficha nini leo?"

Nikatafuta kwa macho kitu cha kumtwanga nacho. Akapanda ngazi, akacheka, akauinua mkeka uliokuwa umetandazwa barazani, mkubwa, umekamilika, una nyuzi za rangi pembeni. Akaukunja begani. "Huu nimeupenda. Naondoka nao!" Kisha akasimama, akamtazama Ulamila, akingoja. Alikuwa anangoja tusi. Hata mimi nilielewa: likitoka tusi moja tu, hata la kunuka ngisi, basi wao bado ni watani, na lililopita limepita.

Ulamila akaweka ukindu chini. Akasimama, akajifuta mikono, akashusha gauni lake vizuri magotini, kama anavyofanya mchungaji akija.

"Karibu, bwana Aporosa," akasema. "Huo ni wa harusi ya binti mmoja wa kanisani. Lakini kama unauhitaji, ngoja nikufungie, usichafuke njiani."

Kicheko kikamkauka. "Mtani, ni mimi."

"Nakufahamu, bwana. Utakunywa maji?"

"Ula... nitukane basi. Hata kidogo."

"Nikutukane kwa kosa gani? Umekuja kwangu kwa heshima."

Akauchukua mkeka begani kwake, taratibu, akaukunja upya, akaufunga kwa kamba kwenye ncha zote. Aporosa akasema hapana, basi, uache. Ulamila kama hakusikia. Akaubeba hadi garini, akauweka kiti cha nyuma, akafunga mlango. Akamtakia safari njema, akamwomba awasalimie nyumbani. Yule bwana alisimama jua kali, mikono inaning'inia, mdomo unafunguka na kufungika. Kisha akaingia kwenye gari. Hakuwasha mara moja. Tulikuwa tunamwona kupitia kioo, ameinamia usukani, mabega yanatikisika, na Ulamila ameshampa mgongo, anapanda ngazi.

Nikamrukia Ulamila. "Kazi yote ile umempa yule? Mkeka wa harusi ya watu! Kwa nini hukumnyang'anya?"

"Ni mgeni, anti," akasema. "Ningemnyang'anyaje?"

Akakaa, akachagua ukindu, akaanza mwingine.